Fundi wa Majini

Jambo la mwisho la kawaida kutokea katika nyumba ile lilikuwa kicheko cha mshonaji wa jirani, aliyesimama mbele ya lango, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akisoma tangazo ambalo gundi yake ilikuwa bado mbichi.

"Fundi wa majini anahitajika. Uliza ndani," alisoma kwa sauti ya kutoa hotuba. Kisha akamgeukia mwenye tangazo. "Bwana Nukta, unatafuta fundi au mganga?"

Mwenye tangazo hakutabasamu. Kazi yake ilikuwa kusahihisha vitabu kabla havijapigwa chapa, na mtaa mzima ulimwita Nukta kwa sababu hakuweza kupita mbele ya kibao cha duka bila kusimama kukikosoa. Alieleza kwamba majini maana yake ni ndani ya maji. Ni neno maji na kiambishi cha mahali, basi. Kinachohitajika ni mtu wa kusafisha bwawa.

"Mimi nimeelewa," alisema mshonaji. "Jini ndiye hajui kiambishi."

Nyuma ya lango mtoto akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kama kikohozi, lakini kilikuwa cha kwanza tangu mama yake azikwe, na Nukta, ambaye alikuwa ameshainua mkono ili alibandue tangazo akaliandike upya, aliushusha mkono. Kama neno lenye kasoro limemchekesha mtoto, likae.

Bwawa lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba, dogo, la pembe nne, lenye vigae vya buluu na ngazi za saruji upande wa kina kifupi. Lilijengwa na marehemu mke wake, ambaye hakuna aliyemwita kwa jina. Watoto, mama zao, hata mama yake mzazi, wote walimwita Kocha. Alimfundisha kuogelea kila aliyekubali kulowa. Alimfundisha mama yake, bibi mwenye nywele nyeupe, aliyepiga kelele siku nzima kwamba anauawa na mwanawe mwenyewe, kisha jioni akakataa kutoka. Alimwopoa mshonaji siku alipoteleza ukingoni na nguo za watu mikononi, na tangu hapo mshonaji alikuwa akisema ana mama wawili, aliyemzaa na aliyemvua. Na binti yake wa pekee alimzaa humo humo. Uchungu ulimshika akiwa anafundisha, gari likachelewa, na mtoto akatokea kwenye ngazi za bwawa, mikononi mwa bibi yake, maji yakiwa yamewafika kiunoni. Ndiyo maana mtoto aliitwa Kiluwiluwi.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuingia katika maji yale. Nukta hakujua kuogelea na hakutaka kujua. Alikaa ukingoni na karatasi zake na kalamu yake nyekundu, na Kocha alikuwa akija hadi pale, akiegemeza viwiko juu ya vigae, akimwita kwa jina ambalo hakuna mwingine aliyelitumia.

Kocha alikufa hospitalini, kitandani, kwa ugonjwa wa muda mfupi, mbali na maji yoyote. Waliokuja kutoa pole walimwambia mumewe kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Yeye, ambaye maisha yake yote alikula kwa kutafuta makosa, aliwashukuru mmoja mmoja, na hasira aliyoimeza siku ile haikushuka tumboni. Ilikaa kooni kama mwiba wa samaki. Bwawa likageuka kijani. Hakuweza kulitazama, wala hakuweza kulifukia. Kiluwiluwi ndiye aliyekata shauri, akiwa amesimama dirishani na paji la uso likigusa kioo. "Baba, mama yumo mle. Tunamwacha kwenye uchafu."

Hapo ndipo alipoandika tangazo.

Waliokuja kuuliza ndani walimzidishia hasira. Wa kwanza alikuja na ndoo ya dawa, akataka kuimwaga yote kwa mkupuo. Alipoulizwa bwawa linachukua maji kiasi gani, alijibu kwamba dawa ikizidi haina neno. Ndoo ilipofunuliwa mtoto alianza kutokwa machozi akiwa bado mlangoni mwa jikoni, na Nukta alimwonyesha mwenye ndoo njia ya lango. Wa pili alileta mashine ya kutambaa chini ya maji kama kaa, akawa anaisifu kama mchumba: inajiendesha, haichoki, haili. Ilifika kwenye ngazi ikakwama, ikawa inazigonga kwa kichwa, tu, tu, tu, huku mwenyewe akieleza kwamba kosa ni la ngazi. Nukta alimwambia kwa adabu kwamba bwawa halitabomolewa ili kuifurahisha mashine.

"Unachagua kama unayeposa," alisema mama mkwe, aliyehamia pale tangu msiba na ambaye hakuwa na subira kama ya mkwewe.

Nukta alimjibu kwamba maji yale hatamkabidhi mtu ovyo.

Wa tatu hakubisha hodi. Ulikuwa mchana wa jua kali, ule wakati ambapo kivuli cha mtu hujificha chini ya nyayo zake, na lango lilikuwa limefungwa kwa komeo. Nukta alitoka jikoni akamkuta amechuchumaa ukingoni: mwanamume wa makamo, nadhifu, suruali imekunjwa hadi magotini, ananusa maji aliyoyateka kwa kiganja. Kutoka langoni hadi alipokuwa palikuwa na nyayo zilizolowa juu ya saruji. Zilitoka nje, mtaani kwenye vumbi, na ingawa jua lilizipiga hazikuwa zinakauka. Kulikuwa na harufu ya mtungi wa zamani, ile ya ndani kabisa, ambapo mkono haufiki.

"Tangazo ni lako?" aliuliza bila kugeuka.

Nukta alisema ni lake, akauliza ameingiaje.

"Umeandika tuulize ndani." Alimwaga maji ya kiganjani taratibu, kana kwamba yangeumia. "Mimi ni wa majini."

Na kazi aliijua. Aliuliza ukuta ulisuguliwa lini kwa mara ya mwisho, na kama maungio ya vigae yameanza kushika utelezi, na kwa nini pampu imeachwa kimya. Alisema dawa haimwagwi juu ya uchafu, kama vile mtu hajipaki marashi bila kuoga. Husuguliwa ukuta kwanza, uchafu ukaachwa utulie, ukafyonzwa kutoka chini, ndipo maji yatiwe dawa kwa kipimo chake. Vigae vinataka brashi laini, kwani ya waya huvikwaruza, na mikwaruzo ndiyo nyumba ya utelezi. Mashine ni ya mabwawa yasiyo na ngazi, pembe zinataka mkono. Nukta alimsikiliza kama mtu aliyepata hatimaye ukurasa usio na kosa.

Alipoulizwa ujira, yule mtu alisema hataki mshahara. "Kilichobaki majini kiwe changu."

Nukta alifikiria vibanio vya nywele, hereni zilizodondoka, labda kifungo cha mshonaji. Alilipima lile neno kama alivyopima maneno yote, akaona halina utata. Akasema sawa, wakapeana mikono. Mkono wa fundi ulikuwa wa baridi, na Nukta alipoubana ulitoa maji kidogo, kama sponji.

Bwawa likasafika. Fundi alikuja kila mchana, hakuna aliyemwona akipita langoni, na alisugua bila kelele, hata mlio wa brashi haukusikika. Kijani kikaondoka, buluu ikarudi, kisha maji yakawa maangavu kupita kiasi, jani likianguka lilionekana limesimama hewani. Alichookota alikipanga ukingoni kwa uaminifu kabla ya kukitia mfukoni: vibanio, jino la utotoni, miwani ya kuogelea, mnyororo wa shaba uliokuwa wa kuvutia kizibo cha bwawa, na siku moja filimbi ya Kocha. Nukta alipoiona filimbi alinyoosha mkono. Kisha akaurudisha. Neno ni neno.

"Maji haya hayanuki," alisema mama mkwe jioni ile, akiwa ameinama ukingoni.

"Si ndiyo usafi wenyewe, mama?"

"Hayanuki kitu, baba. Hata maji yananuka maji."

Wa kwanza kubadilika alikuwa mshonaji. Alileta suruali iliyopunguzwa kiuno, kwa maana Nukta alikuwa amekonda, na Nukta akamwuliza, kwa kumchokoza, kama hajaja kuyasalimu maji ya mama yake wa pili. Mshonaji alimtazama. Alisema hajaelewa. Alipokumbushwa siku aliyovuliwa, akatikisa kichwa. "Nivuliwe wapi? Mimi maji nayajua ya kwenye pasi tu." Nukta alisubiri mwisho wa utani. Haukuwa na mwisho, kwa sababu haukuwa utani.

Siku iliyofuata Kiluwiluwi alimvuta bibi yake mkono wakaogelee pamoja kama zamani, na bibi akaunyakua mkono wake kana kwamba umeungua. Mzee kama yeye avue nguo aingie kwenye maji, nani kamfundisha mtoto dharau hiyo? Mtoto akasema ni mama aliyemfundisha bibi, tena hapa hapa. "Mwanangu hakujua kuogelea," alisema bibi, kwa hasira ya mtu anayesingiziwa marehemu wake, na akaingia ndani akabamiza mlango.

Nukta alikwenda sebuleni, kwenye picha ya ukutani. Kocha alikuwa amepigwa picha hiyo akiwa kwenye maji, kofia ya mpira kichwani, anacheka na mtu asiyeonekana, na asiyeonekana alikuwa Nukta. Fremu ilikuwa mahali pake, na kioo hakikuwa na ufa. Ndani yake palikuwa na maji matupu, maangavu, yaliyopigwa picha vizuri sana.

Kisha uani, kabla giza halijaingia, filimbi ililia, kwa upole, mlio mrefu na mlio mfupi, kama Kocha alivyokuwa akiwaita wanafunzi wake waingie majini. Na Kiluwiluwi, aliyekuwa amekaa sakafuni akivaa soksi, aliinuka bila kusema neno, mguu mmoja umevaa na mwingine hauna, akaelekea mlangoni kwa mwendo wa mtu anayetembea kinyume cha mkondo, mpaka baba yake alipomshika gauni na kumkumbatia na kumsikia, chini ya mikono yake, bado anatembea.

Asubuhi mama mkwe alimvuta Nukta pembeni ya jiko. Alikuwa mnyonge, na macho yake yalikuwa yanamkwepa mtoto mezani.

"Usinielewe vibaya, baba," alinong'ona. "Yule mtoto ni wa nani? Kwao hawamtafuti?"

Nukta aliegemea ukuta. Bibi huyu alimpokea mtoto yule kwa mikono yake miwili, akasimama naye ndani ya maji. Ndani ya maji. Mtu wa maneno hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kilichobaki majini: sauti, vicheko, somo la bibi, mkono uliomvua mshonaji. Yule wa majini alikuwa amechukua kitu baada ya kitu, kwa utaratibu, kama anayesugua kigae kwa kigae, na kulikuwa na kitu kimoja kilichoanzia pale ambacho hakuwa amekichukua bado. Kilikuwa mezani kinakunywa chai.

Alimwita mganga. Hakuwahi kufanya hivyo maishani na hakuona haya. Mganga alikuwa mama wa makamo mwenye mkoba begani kama mkunga, mwenye haraka kama mkunga, na alifika hadi langoni, akasoma tangazo, akasimama hapo hapo. Alimwuliza Nukta kama ni yeye aliyeandika. Akamwuliza kama waliafikiana kwa mdomo, na kama walipeana mkono, na mtoto huitwaje.

"Mimi huwatoa walioingia bila kuitwa," alisema. "Huyu ameitwa kwa maandishi. Nimtoe kwa haki gani?" Alimtazama mtoto dirishani, akashusha sauti. "Na hilo jina la utani, la kiumbe wa majini, msilitaje tena kabla hamjamalizana naye."

Alikataa kuvuka kizingiti, akaenda zake. Nukta alibaki langoni, na ule mwiba wa kooni ulimkereketa kuliko siku ya mazishi. Alikuwa amewachoka watu wa kumweleza kwa upole kwamba haiwezekani. Alilibandua tangazo, akalipeleka mezani, akachukua kalamu nyekundu, na chini ya maneno yake mwenyewe akaandika maneno ya yule fundi. Kisha akayasoma kama alivyosoma kazi ya mtu mwingine yeyote, polepole, bila huruma, akitafuta kosa.

Kilichobaki majini. Hakusema bwawani. Kama angesema bwawani, vigae, ngazi na saruji vyote vingekuwa vyake milele. Alisema majini, neno alilolipenda kwa sababu lilikuwa pia jina lake. Na majini ni palipo na maji; yakitoka, si majini tena. Nukta alilipigia mstari, akainuka.

Kizibo kilikuwa kule kwenye kina, chini kabisa, bonge la mpira na shaba, na mnyororo wa kukivutia haukuwepo tena. Pampu hakuiwasha, mabomba yake yalikuwa yamejaa maji yale yale, na ndani yake, akiweka sikio, palikuwa na mtu anayehema. Alimwita mshonaji juu ya ua. Alijifunga kiunoni mpira wa kumwagilia bustani, akampa ncha ya pili.

"Lakini wewe hujui kuogelea," alisema mshonaji.

"Sihitaji kuogelea. Nahitaji kuzama."

Alikuwa amemfungia mtoto chumbani, akampa bibi ufunguo, akamwomba asifungue hata iweje. Alisahau kwamba kwa bibi yule Kiluwiluwi alikuwa mtoto wa watu, na mtoto wa watu akilia kwamba anataka kwenda kwa mama yake, mtu mwema humfungulia. Alipogeuka, jua likiwa limesimama utosini, Kiluwiluwi alikuwa tayari kwenye ngazi za bwawa, maji yamemfika magotini, na yule wa majini amesimama ngazi moja chini yake, amemshika mkono. Maji hayakuwa yanafanya viwimbi kuwazunguka wote wawili.

"Kazi imekwisha," alisema fundi. "Nachukua kilichobaki."

"Huyo si kitu cha kubaki."

"Ulisema sawa. Hukuuliza kitu gani. Na wewe ndiye mtu wa maneno." Hakusema kwa kejeli. Alisema kama karani anayetaka kufunga ofisi. "Nenda zako, bwana. Wewe sina chako humu, hukuwahi kulowa. Ndiyo maana mpaka leo unakumbuka."

Nukta alipiga hatua kuelekea kwenye kina. Fundi akauona mpira kiunoni mwake, na kwa mara ya kwanza akainua kichwa.

"Ukizibua, yote niliyokusanya yatakwenda na maji. Yeye yumo. Sikiliza." Na kutoka juu ya maji, karibu kabisa na mahali ambapo Kocha alikuwa akiegemeza viwiko, sauti yake ikamwita Nukta kwa lile jina, vile vile, na ile pumzi kidogo mwishoni ya mtu aliyetoka kuogelea. "Niachie mtoto," alisema fundi, "nikuachie sauti."

Mtu aliyewashukuru wote waliokuja kumpa pole, aliyewaonyesha mafundi lango kwa adabu, aliyeurudisha mkono wake mbele ya filimbi, alisogea hadi ukingoni mwa kina. Hakupaza sauti.

"Mwizi wewe," alisema. "Unaniuzia mke wangu."

Akajitupa.

Maji yalimfunika na hayakuwa na baridi wala joto, hayakuwa na kitu chochote, ila sauti, kwa maana kila alichofanya Kocha katika maji yale kilikuwa kimetunzwa humo kama nafaka ghalani, na wakati Nukta anashuka, masikio yakimvuma, mikono ikitafuta kitu cha kushika mahali pasiposhikika, alisikia vicheko vya watoto na filimbi na kelele za bibi kwamba anauawa na mwanawe, alisikia nguo za watu zikianguka majini na mshonaji akilia kama mtoto, alisikia mkewe akiuma meno na kusukuma na mtu akisema ni msichana, ni msichana, na vidole virefu laini kama mizizi vilikuwa vikimpapasa kifundoni, na pumzi ikamwishia, na sauti ile, sikioni kabisa sasa, ikamwita kwa jina lile, si kwa kutisha bali kama anavyoitwa mtu aliyechelewa chakula. Na yeye, ambaye alikuwa amejiapiza asiitike, akaitika. Maji yakamjaa kinywa. Mkono wake ukagusa shaba. Akakizungusha kizibo kwa hasira yote iliyokuwa imekaa kooni tangu mazishi, na kikang'oka.

Mshonaji alivuta. Hakujua kwa nini alikuwa akilia, lakini alivuta mpaka Nukta akalala ukingoni akitapika maji, na kwa pamoja wakaona bwawa linavyoshuka. Ngazi ya juu ilitoka kwanza. Miguu ya mtoto ilipokuwa juu ya saruji kavu, ule mkono uliomshika ulipoteza vidole, kisha kiganja, ukadondoka matone. Fundi alisimama katikati na hakujaribu kutoka. Maji yalipofika kiunoni mwake alikuwa na urefu wa mtoto, yalipofika vifundoni alikuwa na urefu wa ndoo, na uso wake wa heshima ukawa unatazama juu kutoka kwenye kidimbwi kilichozunguka tundu.

"Umeingia," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kugugumia, kama maji yanavyosemea kwenye bomba. Alikuwa anatabasamu. "Sasa nina chako."

Tundu likammeza. Muda mrefu baadaye, chini ya mtaa, mabomba yalikuwa bado yanacheka kwa sauti za watoto, yakielekea mbali.

Bibi alitoka mbio, ushungi umemteremka, akamnyanyua mtoto akimgombeza kwa jina lake la nyumbani, akiuliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayemwacha mjukuu wake peke yake kando ya shimo. Alimjua. Alimkagua vidole vyote. Kwamba aliwahi kuogelea hakukumbuka, wala hakukumbuka tena mpaka anaingia kaburini, na mshonaji alirudi kwenye cherehani yake akiwa na mama mmoja. Picha ya sebuleni ilibaki na vigae vitupu.

Jioni, wakati wa kulala, mtoto aliuliza mama alikuwa na sauti gani, kwa sababu alikuwa akiitafuta na haioni. Nukta alimwambia ilikuwa nzito kidogo kwa mwanamke, na kwamba alipocheka alivuta hewa kwanza. Mtoto akaridhika. Kisha akauliza, "Na wewe alikuwa akikuitaje? Kuna jina alikuwa anakuita."

Nukta alifungua kinywa. Alikumbuka kwamba aliitwa. Alikumbuka viwiko juu ya vigae, matone kwenye kope, midomo ikifunguka. Hakukumbuka aliitwa nani. Alikaa pembeni ya kitanda mpaka mtoto akasinzia, akiyapitisha majina yote anayoyajua, akiyakataa moja moja, kama maneno yasiyofaa kwenye sentensi.

Asubuhi hakubandika tangazo jingine. Alikunja suruali, akachukua ndoo na brashi laini, akashuka ngazi za bwawa kavu, akapiga magoti upande wa kina kifupi na kuanza kusugua kigae cha kwanza. Mshonaji alichungulia juu ya ua akamwuliza kama amepata fundi. Nukta alisema amepata. Mshonaji akatazama huku na huku, akaona ni yeye tu, akasema huyo fundi hamjui vizuri lakini kwa magoti anaonekana hodari.

Mtoto alikuja akakaa ukingoni, mahali pale pale ambapo baba yake alikuwa akikaa na karatasi zake, akining'iniza miguu. Alimtazama akisugua kwa muda. Kisha akamwomba amsimulie habari za mama, zile za hapa, zote, tangu mwanzo.

Nukta alisugua mpaka akafika kwenye kina, akafikiri aanzie wapi, akapata mahali pa kuanzia, akavuta pumzi aseme. Hapo akaona, kando ya tundu, juu ya kigae alichokwisha kukikausha kwa kitambaa, doa la maji lenye ukubwa wa kiganja. Alilipangusa. Kigae kikang'aa. Alipokuwa bado ameshika kitambaa, doa likarudi, bila kutoka popote, likatulia, kama sikio lililowekwa kwenye mlango.

Akafumba kinywa. Aliweka brashi ndani ya ndoo, akapanda ngazi, akajifuta miguu vizuri, katikati ya vidole pia. Akamwambia binti yake apandishe miguu. Alipoona wote wawili ni wakavu, akakaa naye juu ya saruji yenye joto la jua, akamwegemeza kifuani, na ndipo akaanza kumsimulia.